Wavutaji wa Mzinga Mfupi

Zamani mtu akirudi kutoka vitani Wakamba walimuuliza ni nani amebaki huko; siku hizi mtu akirudi kutoka popote pale anaulizwa ameleta nini.

Kyule wa Mbaluka alikuwa miongoni mwa wachache katika milima ya Mbooni waliokuwa bado wanauliza swali lile la kwanza, na kwa ajili hiyo watu walimwona kama abiria aliyeachwa na gari la mwisho. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mrefu, mkavu, na hakuweza kukaa kitini hadi chai ikaisha kikombeni. Alikunywa akitembea. Alikula akisimama mlangoni. Hata kanisani alikaa kiti cha pembeni kabisa ili apate kutoka nje na kurudi, kutoka na kurudi, mpaka padri akazoea.

Chumba cha mbele cha nyumba yake, ambacho wenzake hujaza makochi na televisheni, yeye alikijaza mizinga. Si mizinga ya nyuki. Ilikuwa mizinga ya vita, ile ya vita vya kwanza vya Wazungu, midogo kiasi cha kutosha kiganjani: ya madini ya risasi, ya bati, na mingine aliyojitengenezea mwenyewe kwa mti wa mukau na mifupa ya miavuli mibovu. Kulikuwa na mzinga wa milimani, ule uliofunguliwa vipande vipande ukabebwa vichwani. Kulikuwa na mzinga mrefu wa meli, mfano wa ile ambayo Wajerumani waliitoa kwenye meli yao iliyozamishwa mtoni Rufiji wakaivisha magurudumu na kuipandisha bara. Yote aliipanga katika kabati la vioo lililokuwa la mandazi katika hoteli moja ya Makindu, na kila siku aliipangua, akaipanga upya, akasimama, akatikisa kichwa, akaipangua tena.

Ule wa kwanza aliupata Makindu enzi alipokuwa mfanyakazi wa reli. Alikuwa ametumwa kusafisha nyumba iliyohamwa, na chini ya meza akaona kitu kidogo cha risasi chenye gurudumu moja. Mwenzake alisema kiyeyushwe kiwe uzito wa ndoano. Kyule akakitia mfukoni. Shule alikuwa ameiacha darasa la tano. Mengine yote aliyasoma kwenye vitabu vilivyotupwa, magazeti ya kufungia nyama, na kamusi moja isiyo na jalada ambayo ilianzia herufi D. Ndimo alimojifunza kutofautisha mzinga na mzinga. Lakini kwa nini aipende mizinga, hilo hakulitoa kitabuni. Alilitoa kwa bibi yake.

Bibi huyo, Susu Mbithe, alimwita Kyule mume wangu. Watoto wa leo wakisikia hivyo wanacheka, kwa sababu hawakufundishwa. Kwa Wakamba mtoto hupewa jina la babu yake, na akishapewa jina amekuwa ndiye. Nyanya humtania kama mume, humwekea kipande cha nyama, humlalamikia makosa aliyofanya marehemu. Hivyo Susu Mbithe, akimwona mjukuu wake amerudi na mbuzi jioni, alimwambia, "Umerudi, mume wangu? Na wenzako uliowaacha kwenye matope, leo hukuwaona?"

Wenzake wa kwenye matope walikuwa wapagazi. Babu yake, Kyule wa kwanza, alichukuliwa pamoja na vijana wengine wa mlima huo wakapelekwa Tanganyika katika kikosi kile kilichoitwa Kariakoo. Waliambiwa watabeba unga. Walipofika nchi ya mbung'o, ng'ombe waliokuwa wakivuta mzinga wa Waingereza wakafa wote, na afisa mmoja akaangalia kamba zilizokuwa zimelala chini, kisha akaangalia watu. Ndivyo alivyosimulia Susu: ng'ombe walikufa, wakafungwa watu. Mzinga wenyewe ulikuwa mfupi na mnene, umeelekeza mdomo juu, na vijana wa Mbooni waliuita kinu, kwa kuwa ulifanana na kinu cha kutwangia mahindi kilichoanguka ubavu. Waliuvuta masika yote. Karibu wote waliufia. Babu alirudi, na kila alipokaa kula aliyataja majina ya wenzake, mmoja mmoja, na kila jina likapata tonge lake chini.

Susu Mbithe aliyashika majina. Akayapitisha kwa Kyule na kwa dada yake, Kaluki, wakiwa watoto jikoni, kama wengine wanavyopitishiwa hadithi za fisi.

Mizinga ya Wazungu aliyoikusanya Kyule ilikuja na wanajeshi wao wa risasi, na farasi wao, na hata mbwa mmoja. Mpagazi hakuwepo hata mmoja. Ndipo Kyule akashika kisu. Miaka mingi aliwachonga wanaume wa mukau, kila mmoja na mwinamo wake, kila mmoja na kamba ya uzi wa katani begani, na chini ya nyayo za kila mmoja akachoma jina kwa msumari wa moto. Maundu alimchonga amepiga goti moja, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokufa. Babu yake mwenyewe alimweka ubavuni mwa Maundu. Kamba zote zilikwenda nyuma zikakutana kwenye ubao mtupu, kwa sababu kinu chenyewe hakuwahi kukipata. Kukichonga alikataa. Alisema mzinga wautengeneze waliouleta.

Kisha Kaluki akafa.

Alikufa mwezi wa Agosti, baada ya kuugua kidogo tu, na watu wakala wakaimba wakapiga picha. Kyule alizunguka kaburi kama kuku aliyepotelewa na kifaranga. Jambo moja lilikuwa limemkaa kooni: sasa duniani kote hapakuwa na mtu mwingine aliyeyajua majina yale. Akianguka yeye kesho bafuni, basi. Watakuwa vinyago tu vya mzee mwenye wazimu. Vijana wa Mbooni wanaweza kukutajia wachezaji wote wa timu ya Uingereza pamoja na wale wa akiba. Waulize jina la baba ya babu, wanakutazama kama umewaomba damu.

Toka siku hiyo alitaka kitu kimoja: watu wa mlima ule wayasikie yale majina, wote, mahali pamoja, mara moja tu, kabla hajafa.

Simu ya Yakub ilimkuta katika hali hiyo. Yakub alikuwa na duka la vitu vikuukuu mjini Kitui, nyuma ya msikiti. Babu zake walitoka pwani, lakini yeye alizaliwa Kitui na alikisema Kikamba vizuri kuliko wajukuu wa Kyule.

"Mzee Kyule, njoo uone kitu," alisema. "Kifupi, kinene, kimeinua mdomo kama mtu anayetaka kupiga chafya."

Kyule hakungoja hata kufunga mlango vizuri.

Dukani Yakub alikitoa ndani ya tambara, akakiweka juu ya mizani. Kyule alikigeuza, akakinusa, akazungusha gurudumu kwa ukucha.

"Sema basi, mzee. Ndicho, ama ni sufuria ya wanasesere?"

"Ndicho," alisema Kyule. "Kinu. Umekitoa wapi?"

"Kibwezi. Mzungu mmoja wa mashamba ya katani amekufa, watoto wako ng'ambo, vitu vimeuzwa fungu kwa fungu. Hiki kilikuwa ndani ya birika la chai. Nilidhani ni kifuniko chake kimevunjika."

"Ndani ya birika," alisema Kyule kwa uchungu. "Watu wamekufa wakikivuta, halafu kinakaa ndani ya birika."

"Sasa usinililie dukani, wateja watadhani nimekupunja. Kichukue. Utaniletea asali ya Mbooni. Mtu mwenye mizinga nyumba nzima atakosa asali?"

"Mizinga yangu haijawahi kutoa asali."

"Basi umefuga hasara, mzee wangu!" Yakub akacheka, kisha akaacha kucheka. "Utawaonyesha watu?"

"Wote. Kinu na wavutaji wake."

Yakub alijikuna ndevu. "Kwetu sisi sanamu ya mtu haiwekwi ndani, lakini hayo ni ya dini yetu, nayaacha. Nasema ya kwenu. Mtu wa mti, kamba begani, jina chini ya mguu. Mimi ni mtoto wa Kitui, mzee. Najua Wakamba wanaita nini kitu kama hicho."

"Anayejua mila hawezi kukosea hapo."

"Na wanaojua mila wamebaki wangapi?"

Kyule alikuwa amekwisha toka nje.

Binti yake Wavinya, mwenye duka dogo la kutuma pesa pale sokoni Kikima na kiongozi wa akina mama wa kanisa, ndiye aliyemwombea ghala la zamani la kahawa. Zamani ghala hilo lilijaa hadi magunia yakalala nje. Siku hizi lilikuwa la popo na mbuzi wa kukimbia mvua. Wavinya alilifagia mwenyewe. Hakuipenda ile mizinga, lakini alimpenda baba yake, na alidhani pengine ikionekana mara moja atatulia.

"Baba, leo usigombane na mtu," alimwambia asubuhi ya siku yenyewe, siku ya soko. "Mtu akiuliza swali la kijinga, wewe cheka tu."

"Nicheke na nini? Meno yameisha."

"Basi nyamaza."

"Nimenyamaza miaka hamsini, Wavinya. Leo nasema."

Kinu kilikaa mwisho wa meza, kamba zote zikafungwa kwake, na mbele yake wanaume wa mukau wakainama wakivuta. Mbele ya kila mmoja Kyule aliweka kipande cha karatasi ngumu chenye jina kwa herufi kubwa. Mizinga mingine aliipanga nyuma.

Watu walikuja. Walikuja kwanza kwa sababu hakukuwa na kiingilio, kisha kwa sababu wengine walikuwa wameingia. Vijana walipiga picha ya mzinga wa meli. "Hii imetoka sinema gani, mzee?" aliuliza mmoja. Kyule akakumbuka alivyoambiwa na Wavinya, akatoa kitu kilichokaribia kicheko. Wanawake wa soko walivutwa na wale wanaume. "Tazama huyu alivyokonda mbavu! Ona huyu, mdomo uko wazi, anaimba." Ndipo mmoja akasoma: "Nzau! Kumbe na shemeji yangu yuko!" Kikapigwa kicheko. "Kitonyi naye! Yule kinyozi!" "Ngumbi, unavuta nini hapa na shamba lako limejaa magugu?" Walicheka, na Kyule akazungukazunguka meza, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu Kaluki azikwe aliusikia moyo wake umekaa mahali pake.

Halafu akaingia Maundu.

Maundu alikuwa mwenyekiti wa vijana wa boda boda, mtu wa shingo nene na sauti ya kuamrisha. Lakini tangu wakati wa mavuno alikuwa akitembea kwa gongo. Pikipiki ilimwangusha kwenye kona ya mtoni, ikamvunja goti, na goti likakataa kupona. Hospitali hii na ile, limekataa. Alipita kando ya meza akisoma majina, akitabasamu na wenzake, hadi akafika palipoandikwa jina lake.

Aliangalia kwa muda. Mtu mdogo wa mti, kamba shingoni mpaka begani, amepiga goti, hawezi kuinuka. Ghala lote likaona anachokiona.

"Mzee," alisema polepole, "huyu ni nani?"

Hapa Kyule angeweza kusema ni marehemu, ni mtu wa kale, hamjuani. Jibu hilo lingetosha. Lakini alikuwa amelelewa na Susu Mbithe, na katika nyumba ile jibu lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la heshima kuliko yote.

"Ni wewe," alimwambia kwa furaha. "Huyo ni wewe, Maundu."

Watu waliinua vichwa kama kuku wanapoona mwewe akipita. Kisha mama mmoja akapiga yowe kwa jina la Yesu, watu wakarudi nyuma wote pamoja, meza ikatikisika. Nzau, yule aliyeitwa shemeji, alianza kupapasa kifua. Kitonyi kinyozi alikumbuka kwamba wateja wake wamepungua. Kila aliyeona jina lake, au la baba yake, au la mwanawe, alikumbuka kitu kilichomwendea vibaya mwaka ule, na ni nani asiye nacho?

"Kamuti!" walisema. Huo ndio uchawi wa kumfunga mtu kwa kinyago, ambao majirani zetu wote wa Kenya wanatusingizia kwa mzaha, na ambao sisi wenyewe hatuufanyii mzaha.

"Sikilizeni!" Kyule alipaza sauti. "Jina ulilonalo si lako! Ulipewa la babu, naye alipewa la babu yake! Huyu ni babu ya babu yenu!"

"Babu yangu namjua, amezikwa pale nyumbani chini ya saruji," alisema Maundu. "Hakufungwa kamba na mtu. Mzee, mimi nimekukosea nini?"

Watu wa leo wanarithi jina kama koti kuukuu. Wanalivaa, lakini mifukoni hawaangalii.

Naibu wa chifu alikuja mbio, kijana mwenye kofia ya kazi, akasikiliza upande mmoja na nusu ya upande wa pili. Uamuzi wake ulikuwa wa mtu anayetaka kwenda chakula cha mchana: mizinga haina neno, wageni wanaweza kuipenda, lakini wale watu wa mti wachomwe hapo hapo nje, kila mtu akiona, mambo yaishe. Vijana wa boda walikuwa wamekwisha leta petroli ndani ya chupa ya soda.

"Mkiwachoma mtajuta," ilisema sauti.

Alikuwa Mutindi, mama mzee aliyeuza dengu karibu na lango la soko, ambaye hata naibu wa chifu alimwogopa. Aliingia akitegemea fimbo, akawaangalia wale wanaume wa mukau bila kuwagusa.

"Mkiwachoma na kamba zikiwa shingoni, mwenye jina naye anaungua. Hamkufundishwa na mama zenu? Aliyefunga ndiye hufungua. Afungue kwa mkono wake, mmoja mmoja, amtaje jina kwa sauti, aseme alimfunga kwa ajili gani. Akishafungua, kila mtu achukue wake aondoke naye. Akamfanye atakalo."

Watu wakaitikia. Petroli ikawekwa chini.

Wavinya alimshika baba yake mkono, akamvuta kando, nyuma ya mizani ya kahawa iliyoota kutu. Alikuwa analia bila sauti.

"Baba, usifungue. Nakuomba. Waache wachome, ni mti tu, utachonga wengine. Ukifungua kwa mkono wako umekubali. Utakuwa mchawi wa Mbooni, na mimi binti wa mchawi mpaka nizikwe. Nani ataingia dukani mwangu? Kanisani nitasimama wapi?"

"Wakichoma," alisema Kyule, "majina yanaungua hayajatajwa."

"Nani anataka majina yako, baba?"

"Leo? Wote." Aligeuka akaangalia ghala. Lilikuwa limejaa hadi mlangoni, watu wengine wamepanda madirishani, na shingo zote zimenyooka kuelekea mezani. "Tangu nizaliwe sijaona watu wa hapa wakitaka kusikia kitu kama wanavyotaka sasa."

"Kwa hofu!"

"Kwa hofu, ndiyo. Nilitaka iwe kwa heshima. Heshima haiko." Akautoa mkono wa binti yake taratibu. "Nisamehe, mwanangu."

Alitembea kuzunguka meza, mara moja, mara ya pili, kama alivyozoea, kisha akafanya jambo ambalo Wavinya hakumbuki kumwona akilifanya. Alivuta gunia, akaketi.

Alianza na Nzau. Alilegeza fundo kwa kucha, akaitoa kamba begani, akamwinua.

"Nzau," alisema. "Alichukuliwa siku ya pombe ya kuposa, na nguo alizovaa. Hakuwahi kuoa. Alikufa kwa tumbo la damu, akaachwa kando ya njia, na aliyempitia wa mwisho alimfunika uso kwa majani. Nilimfunga kwa sababu alifungwa."

Nzau yule shemeji alinyoosha mkono kama anayepokea kaa la moto.

"Kitonyi. Alikuwa na sauti. Akiimba, kamba ilikuwa nyepesi. Homa ilimkata, na siku aliyonyamaza mzinga haukusonga hata hatua. Nilimfunga kwa sababu alifungwa."

"Ngumbi. Aliwachekesha wenzake hadi afisa akamchapa. Alivuka mto akishikilia kamba, na kamba ikarudi peke yake."

Simu zilikuwa juu, zote zinarekodi, na waliokuwa nyuma waliwauliza wa mbele, "Amesema nani? Rudia, amesema nani?" na wa mbele wakarudia jina kwa sauti, wasije wakakosa la kwao. Majina yalitoka mezani yakapita mlangoni yakaenda sokoni, mdomo kwa mdomo, kati ya nyanya na viatu vya mitumba. Mama mmoja aliyepewa wake aliinama akalia, na hakuwa analia kwa hofu. Lakini pengine huyo alikuwa mmoja tu, na Kyule hakuwa mtu wa kujidanganya.

Wa mwisho kabla ya babu yake alikuwa Maundu. Fundo lake lilikuwa limekaza, akalitoa kwa meno machache aliyobaki nayo.

"Maundu. Walikuwa wanapanda kilima cha matope. Goti lilimvunjika, akasema afunguliwe. Hawakumfungua, kwa sababu kamba moja ikilegea mzinga ungerudi nyuma uwaponde wote. Yeye mwenyewe akasema basi, msifungue. Akavuta akiwa amepiga goti. Walipofika juu wakageuka kumtazama." Kyule akaiweka kamba mezani. "Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa. Bila yeye babu yangu asingerudi, wala mimi nisingekuwepo hapa niitwe mchawi."

Maundu alimpokea ndani ya leso, asimguse.

Akabaki Kyule wa kwanza, peke yake mbele ya mzinga. Mzee alimfungua, akamtaja, akasema huyu ndiye aliyerudi. Hakuna aliyenyoosha mkono. "Huyo ni wako," alisema Mutindi.

"Hapana. Walivuta bega kwa bega. Aende na mwenzake." Akamweka kwenye ile leso.

Tangu siku hiyo Kyule hakualikwa tena kwenye posa wala harusi. Wavinya alihamisha duka lake likaenda mjini Wote, na ingawa huja kumwona baba yake, huja siku isiyo ya soko. Mizinga ilirudi kabatini, na mzee aliacha kuipangua. Yakub akipiga simu kwamba kuna kitu kingine, humwambia awape watoto wachezee. Watu wa Kikima wanamwita mchawi. Lakini mchawi aliwafunga nani, majina hayo wanaweza kukutajia yote, bila kukosea, hata watoto, kwa sababu wazazi wao huwatisha nayo.

Waliokwenda na wale wanaume waliwafanya nini, Kyule hakuuliza. Pengine waliwatia motoni jioni ile ile. Pengine yuko mmoja juu ya dari, nyuma ya gunia la mbaazi. Yeye alichokiona ni pale mlangoni mwa ghala, jua likiwa bado kali: watu wakitawanyika kwenye vijia vya mlima kila mmoja na wake, huyu amemfunga kwenye leso ya kichwa, yule amemshika kwa vidole viwili mbali na mwili, mwingine amemtia ndani ya kiondo juu ya sukuma wiki. Maundu alipandishwa nyuma ya pikipiki, gongo likalazwa mapajani, na wale wawili akawatia mfukoni mwa shati. Dereva alipoanza kuteremka kuelekea mtoni, Maundu alifunika mfuko kwa kiganja, kama mtu anavyofanya akibeba mayai, na kiganja hakukiondoa mpaka walipopinda kona.